Mguu wa Kushoto

Mbawakawa alidondoka kwenye sahani ya chai saa tatu na robo asubuhi. Kama Dk. Kemilembe angekuwa mtu wa kawaida, angemfyagia kwa kiganja akaendelea kunywa. Lakini mtu aliyekula mshahara wa wadudu kwa miaka thelathini na moja hawi wa kawaida tena. Alimshika kwa vidole viwili, akamgeuza chali, akamsogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Dume," akasema.

"Dume la nini tena? Kunywa chai, itapoa."

Aliyesema ni dada yake Kokugonza, aliyemzidi miaka tisa na maneno mara tisa. Alikuwa ametoka Kanyabwita alfajiri na mkungu wa ndizi kichwani, na kikapuni tawi la kahawa mbivu lililofungwa kwa jani la mgomba, ili mdogo wake apate kahawa ya kutafuna. Kwao huwezi kumwendea ndugu mikono mitupu. Mdudu alikuwa amejikunja ndani ya jani hilo, akasafiri bure.

"Nimelikata kwenye kahawa ya mama," Kokugonza alieleza. "Ile ya tatu kutoka kaburini. Kila nikija kwako nakata pale pale, ujue mama amekusalimu. Leo kakuletea na mdudu."

"Shikamoo mdudu," Kemilembe akasema, wakacheka wote wawili.

Kokugonza alikuwa na kila sababu ya kucheka siku hiyo. Juzi tu udongo wa Kanyabwita ulipimwa ukatangazwa safi, hauna mdudu anayeua migomba. Watu walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka, na Kokugonza, ambaye nyumba yake, migomba yake na makaburi ya wazazi wake wote yamo katika kibanja kimoja kijijini humo, alilia mbele za watu bila haya. Alikuja mjini kushukuru. Alidhani mdogo wake, kwa kuwa anafanya kazi Kituo cha Utambuzi, alikuwa na mkono katika jambo hilo.

"Sikufanya kitu, dada. Mashine ndiyo inayosoma."

"Basi iambie mashine ahsante."

Chini ya dirisha, uani, magari sita ya kuoka yalikuwa yanajazwa mafuta. Kila gari lilibeba sahani ya chuma pana kama sebule. Sahani hiyo huburutwa juu ya shamba na kuupasha udongo moto mpaka kina cha mkono mzima, kwa sababu buu wa mbawakawa hafi kwa dawa tena, wala kwa mafuriko. Kinachookwa hakibaki kuwa shamba. Udongo hugeuka rangi ya tofali na kwa miaka saba hakioti hata kisamvu. Leo magari yalikuwa yanakwenda Rwempisi, kuanzia saa tisa alasiri, na watu wa Rwempisi walikuwa wamekwishahamishwa na magodoro yao. Makaburi hayahamishwi.

"Masikini wale," Kokugonza alisema akichungulia. "Mungu atusamehe, lakini afadhali wao kuliko sisi."

Kemilembe alimaliza chai. Alimfunika mdudu kwa kikombe kitupu, kisha akamchukua kwenda naye kwenye darubini. Hakuwa na sababu yoyote. Wengine hutafuna kucha, yeye hupasua mbawakawa.

*

Katika kanda hii wako mbawakawa wawili wala-majani wanaofanana kama mapacha. Wote ni wa kahawia, wote wana ukubwa wa punje ya maharage, na jioni wote hupanda kahawa na migomba wakalila jani mpaka libaki wavu. Kwa hilo hawana madhara makubwa, jani huota jingine. Tofauti yao iko chini ya ardhi. Mabuu wa mmoja hula majani yaliyooza, hawamsumbui mtu, na kituoni humwita Mpole. Mabuu wa mwingine hula mizizi iliyo hai. Leo mgomba umesimama na mkungu wake, kesho unaukuta umelala. Huyo wanamwita Mharibifu.

Ukiwaweka buu kwa buu, au jike kwa jike, hakuna jicho litakalowatenganisha. Kwa dume tu kuna njia, nayo ni ya kizamani. Unafungua ncha ya tumbo kwa sindano, unavuta kiungo chake cha uzazi, unatazama kilivyoishia. Cha Mpole kimebapa kama mwiko. Cha Mharibifu kimepinda kama ndoana.

"Umesoma hadi ng'ambo ili uchungulie uume wa mende?" Kokugonza aliwahi kumuuliza miaka ya nyuma, mbele ya mashemeji, na Kemilembe hakuisahau aibu ile.

Siku hizi hakuna anayechungulia. Ilipokuja Sheria ya Udongo Safi, kazi yote ilipewa Kisomaji. Unakipa kipande cha mdudu, hata kama ni buu au ganda tu, kinasoma herufi mia sita hamsini na nane za vinasaba vyake, na mpangilio wa herufi hizo ndio msimbopau wa spishi, sawa na michirizi kwenye pakiti ya sabuni dukani. Kisha kinalinganisha na msimbopau wa vielelezo viwili vilivyomo ghalani, na hukumu inatoka hapo hapo. Wala hapahitajiki sahihi ya waziri. Ukutani wameandika kwa herufi kubwa: NASABA HAIDANGANYI.

Kemilembe alivuta kwa sindano. Akarekebisha darubini. Akatazama.

Ndoana.

Alifuta jicho, akatazama tena. Ndoana ile ile, imepinda, haina ubishi. Mharibifu, kutoka kahawa ya mama, Kanyabwita iliyotangazwa safi juzi.

"Hapana," alijiambia. "Hebu subiri." Alimvunja mdudu mguu mmoja, akauweka kwenye kichupa, akakipa Kisomaji. Dakika kumi na moja alizosubiri zilimzeesha.

"Mpole," Kisomaji kilisema kwa sauti yake laini ya mtangazaji. "Hana madhara. Uhakika, asilimia tisini na tisa nukta nane."

Alivunja mguu wa pili. Mpole. Wa tatu. Mpole. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, mwili wa mdudu na nasaba yake vilikuwa vinabishana mbele yake, na kimoja kilikuwa kinasema uongo. Mwili alikuwa anauona. Ikabaki nasaba. Lakini herufi hazijiandiki zenyewe, kuna mtu aliyezipa jina siku ya kwanza. Kwa hiyo swali lilikuwa ni nani, na alizipa jina akitazama nini.

Kemilembe alijua ni nani.

*

Vielelezo viwili vilikuwa ghalani, kwenye sanduku lenye kioo, kila kimoja juu ya pini yake. Kushoto Mharibifu, kulia Mpole. Wote madume, wote waliopasuliwa na kutambuliwa kwa ncha zao kabla Kisomaji hakijazaliwa. Chini ya kila mmoja kulikuwa na kikadi, na kwenye kikadi kipande cha mguu kilichobandikwa kwa gundi.

Kemilembe ndiye aliyeibandika miguu hiyo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwajiriwa mpya, na siku hiyo walikuwa wanahamisha makusanyo kwa pikapu kutoka jengo la zamani. Barabara ilikuwa mbovu. Walipofika alifungua sanduku akakuta miguu miwili ya katikati imekatika, imelala chini ya sanduku kama vijiti vya kiberiti. Katika kazi hii mguu hautupwi. Ukikatika unabandikwa kwenye kikadi cha mwenyewe. Mwenyewe nani? Alitazama, akaona mmoja umelala karibu na huyu, mwingine karibu na yule. Akabandika kwa ukaribu, akaenda kula.

Miaka ikapita. Maabara ikaomba vipande vya kusoma nasaba. Na kwa kuwa kila mtunza wadudu amefundishwa kuwa huvunji mguu mzima ukiwa nao uliokwishakatika, Kemilembe mwenyewe alikata mapaja ya miguu ile ya kwenye kikadi, akayatuma. Alijisifu hata, kwamba vielelezo havikuguswa.

Sasa aliweka sanduku chini ya darubini. Miguu ya mbawakawa hutofautiana kulia na kushoto kama viatu. Kila mguu una kucha mbili zisizolingana, na kucha kubwa ikikaa upande huu, mguu ni wa kulia, ikikaa ule, ni wa kushoto. Mharibifu wa kwenye pini alikuwa amepoteza mguu wa katikati wa kulia. Wa kushoto alikuwa nao, umeshika mwilini vizuri kabisa. Akatazama kikadi chake.

Kwenye kikadi kulikuwa na mguu wa kushoto.

Mdudu mmoja mwenye miguu miwili ya kushoto! Akamtazama Mpole: amekosa wa kushoto, na kwenye kikadi chake kuna wa kulia. Ilikuwa imekaa wazi pale, chini ya kioo, kwa miaka thelathini, na hakuna aliyeitazama, kwa sababu nani atatazama miguu na herufi zipo?

Kemilembe alikaa sakafuni. Vijiji vitatu vilikuwa vimeokwa. Kyerugaba, kisha viwili vya ng'ambo ya mto. Vyote kwa mabuu waliosomwa Mharibifu, na wote walikuwa Mpole wakila majani yao yaliyooza, hawana habari na mtu. Na kila kijiji kilichopewa cheti cha usafi kwa sababu ya Mpole, Mungu wangu, kilikuwa kinafuga Mharibifu kwa baraka za serikali.

Alitamani kulia, akakuta hana nafasi. Ilikuwa saa sita kasoro.

*

Afisa wa magari ya kuoka aliitwa Novatus, kijana wa miaka thelathini na nne, mwembamba, mpole kwa wazee, anayepiga simu akitembea. Kemilembe alimvuta kutoka uani bila salamu, akamketisha mbele ya darubini, akamwonyesha miguu, akamwonyesha ndoana, akamwambia yote bila kuficha hata neno moja. Novatus alitazama kwa muda mrefu. Alipoinua uso, alikuwa amepauka.

"Kwa hiyo Kyerugaba kulikuwa na Mpole."

"Ndiyo, baba."

"Hakukuwa na kitu."

"Hakukuwa na kitu."

Kyerugaba ni kwao. Yeye mwenyewe ndiye aliyeongoza magari siku ile, ili watu wasiseme anawaonea wengine na kwake anapendelea. Baba yake aliweka kiti juu ya udongo uliookwa, pale ulipokuwa mgomba wa kwanza wa babu yao, akakataa kuhama na baadaye akakataa kula. Walimzika mjini, kwenye makaburi ya kukodi, kati ya watu asiowajua.

"Nilimwambia nasaba haidanganyi," Novatus alisema. "Nilimwambia baba yangu maneno hayo kwa mdomo wangu."

"Haikudanganya. Mimi ndiye niliyebandika mguu. Nitukane, mwanangu, unayo haki."

Hakumtukana. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi, na aliporudi alikuwa amekwisha kuwa afisa tena, maana ndiyo njia pekee aliyoijua ya kusimama wima.

"Amri siwezi kuizuia mimi wala mkurugenzi. Kisomaji ndicho kilichoitoa, ni Kisomaji tu kitakachoitengua. Unaijua sheria. Kielelezo kipya cha kuchukua nafasi ya cha zamani, dume, picha ya ncha, mguu wa mwili ule ule. Rwempisi tulipata mabuu tu, na kijiji kimefungwa. Dume unaye huyu mmoja tu."

"Ninaye."

"Na kauli ya mkusanyaji. Kwa sauti yake mwenyewe: jina, tarehe, mahali. Bila mahali hakipokelewi."

Kemilembe alifumba macho. Hiyo ilikuwa sheria aliyoidai yeye mwenyewe, mbele ya kamati, akigonga meza. Mdudu asiyejulikana alikotoka ni takataka, aliwaambia, na wao wakaandika.

"Kikisikia mahali?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kitatengua Rwempisi. Halafu kitatoa amri ya mahali hapo, papo hapo; vyeti vya zamani hakivirudii mpaka upimaji ujao. Magari yamejaa mafuta, mama. Yatakwenda yatakakotajiwa." Novatus alishusha sauti. "Mkusanyaji ni dada yako? Yule mama anayemenya ndizi jikoni kwetu? Basi mlete aseme tu alikata wapi. Usimweleze kitu. Mtu anayejua hatasema, na saa tisa ni saa tisa."

*

Kweli Kokugonza alikuwa jikoni. Alikuwa amewafukuza wahudumu kwenye jiko lao, akavua viatu, na sasa alimenya ndizi zake kwenye sufuria kubwa huku akiwasema kwamba kituo kizima kinakula mikate kama wagonjwa.

"Umekonda," alimwambia Kemilembe bila kugeuka. "Leo utakula. Kaa hapo."

Kemilembe alikaa. Kinasa sauti cha Kisomaji, kidogo kama kiberiti, kilikuwa kwenye mfuko wa koti lake. Ilikuwa rahisi kuliko chochote alichowahi kufanya. Dada, hebu sema hapa ulikata wapi lile tawi. Angesema huku anacheka, angeongeza na habari za mama, pengine angeimba. Rwempisi ingepona. Na Kokugonza angejua akiwa barabarani, akiona moshi.

Alijaribu. Alikitoa kinasa akakiweka mezani. Alifungua mdomo, na uso wa dada yake ulipogeuka, mwekundu kwa mvuke, mwenye furaha ya juzi ambayo bado haijaisha, alikisukuma kinasa kando.

"Dada, zima jiko."

"Ndizi hazijaiva."

"Zima, nakuomba."

Akamwambia. Alimwambia kwa Kiswahili cha kawaida, bila herufi mia sita, akitumia viatu viwili vya Kokugonza vilivyokuwa mlangoni: niliokota viatu viwili sakafuni, hiki nikampa asiye mwenyewe, na hiki vivyo hivyo, na tangu hapo tunakamata watu kwa viatu. Kokugonza alisikiliza kisu kikiwa mkononi.

"Kwa hiyo nikisema mahali," Kokugonza alisema mwisho, "yale makaango yaliyoko hapo nje yanakuja kwangu."

"Ndiyo."

"Kwa mama."

"Ndiyo, dada."

"Na nisiposema?"

"Yanakwenda Rwempisi. Bure."

Kokugonza alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akajifuta mikono kwenye kanga, kila kidole, polepole.

"Nitasema nimemwokota stendi," alisema ghafla, uso ukachangamka. "Eh? Stendi ya mabasi pale mjini! Mdudu anaruka, anaweza kutua popote. Waoke stendi yao, ni lami tupu, haina mwenyewe. Rwempisi wanapona, na sisi tunapona. Kemi, hiyo si njia?"

Ilikuwa njia. Na Kemilembe alikuwa amekwisha kuifikiria, tangu kwenye ngazi, na aliipenda mno hata miguu yake ilikuwa imekuwa miepesi. Kisomaji kingekubali. Novatus asingeuliza. Hapangekuwa na mtu wa kumwambia mama yake aliyelala udongoni kwamba binti yake wa mwisho ndiye aliyemletea moto.

"Waitu, ndugu yangu, sema basi," Kokugonza alimhimiza. "Washa hicho kidude chako."

"Mara ya kwanza nilikisia," Kemilembe alisema. "Nilikuwa mtoto, nina njaa, nikakisia. Vijiji vitatu, dada. Mara hii sitakuwa nakisia. Nitakuwa najua." Sauti ilimvunjika. "Mvua zikija wale wa kwako wataruka. Hawatakaa Kanyabwita. Lakini sikulazimishi. Sina uso wa kumlazimisha mtu yeyote. Ukisema stendi, nitaandika stendi, na nitaishi nayo."

Kokugonza alitazama sufuria. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika ishirini, na huko uani injini ya kwanza iliwashwa, kisha ya pili.

"Ule mgomba wa jikoni," Kokugonza alisema.

"Upi?"

"Ule mkubwa, wa mama. Umeanguka wiki iliyopita. Nikasema ni upepo." Hakumtazama mdogo wake. "Halafu ukaanguka mwingine. Hapakuwa na upepo, Kemi. Saba kwa jumla. Nimeikatakata usiku usiku nikawapa ng'ombe, kabla wapimaji hawajafika, wasije wakauliza. Majirani nao wanakatakata, nasikia mapanga yao. Wote tunajifanya hatusikii. Walipotusomea kuwa tuko safi nikalia, watu wakadhani ni furaha."

"Ilikuwa nini?"

"Nilijua mashine imekosea. Nikamshukuru Mungu kwa kosa." Akacheka kicheko kibaya, kikakatika. "Nikaja na ndizi kukushukuru na wewe."

Kemilembe alipiga magoti kwenye maganda ya ndizi, akamshika dada yake miguu, akalia kama hajawahi kulia tangu siku ya mazishi ya mama. Kokugonza hakumbembeleza. Aliacha mkono wake umelala juu ya kichwa kile chenye mvi, mzito, hauendi huku wala huku.

"Rwempisi nao wana makaburi?"

"Kila kibanja kina makaburi."

"Najua. Nauliza tu." Akavuta pumzi. "Washa."

*

Kisomaji kiliuliza kwa sauti ile ile laini. Jina la mkusanyaji?

"Kokugonza, binti Regina."

Tarehe?

"Leo. Alfajiri, jua halijatoka."

Mahali?

Injini sita zilikuwa zinanguruma uani. Kemilembe alishika ukingo wa meza. Aliona midomo ya dada yake ikijikusanya, na kwa kitambo kimoja hakujua kabisa ni neno gani litatoka, na sehemu yake moja, Mungu amsamehe, ilikuwa inaomba liwe stendi.

"Kanyabwita," Kokugonza alisema. "Kibanja cha Regina. Kahawa ya tatu kutoka kaburi lake, tawi la upande wa nyumba." Alisogea karibu na kinasa, kama mtu anayezungumza na kiziwi. "Umesikia? Kaburi lake."

Kauli imepokelewa, Kisomaji kilisema. Dakika zikapita. Kielelezo kimekubaliwa. Amri ya Rwempisi imetenguliwa. Amri mpya, Kanyabwita, saa tisa alasiri; wakazi wahame mara moja.

Kemilembe alichukua kalamu yake nyembamba, akaandika lebo kwa mkono, kwa herufi ndogo kama sisimizi, jinsi inavyotakiwa. Aliichoma kwenye pini chini ya mdudu. Safari hii miguu aliyoivunja aliibandika mmoja mmoja, akitazama kila kucha.

Redio za madereva zililia kwa pamoja. Novatus alionekana akikimbia kutoka gari hadi gari, akigonga milango, akionyesha kwa mkono mzima. Gari la kwanza lilifika getini. Tangu asubuhi lilikuwa limeelekezwa kulia, kwenye barabara ya Rwempisi. Likasimama, likarudi nyuma kidogo kwa uzito wake, likakata kushoto.

Kokugonza alivaa viatu, akajifunga kanga ya pili begani, akachukua kikapu chake kitupu.

"Yanakwenda mwendo gani yale?"

"Polepole. Ni mazito."

"Basi leta gari lako. Nataka tufike kabla yao, tumwambie mama."

"Tutamwambia nini, dada?"

"Mimi nitamwambia nani alitaja jina lake," Kokugonza alisema akitangulia mlangoni. "Wewe utamwambia habari za mguu."